Mtoto hakui tumboni, daktari anataka kunichoma sindano za kukomaza mapafu. Hazitamdumaza zaidi?

Mama Tusa (mwenye uzi), Jumatatu, saa 11 jioni

Habari za jioni ndugu zangu. Naandika nikiwa kitandani, wodi ya wajawazito, hospitali ya rufaa. Naombeni mnisome hadi mwisho, maana nimepewa hadi saa mbili usiku niseme ndiyo au hapana.

Hii ni mimba ya pili. Tusa wangu ana miaka minne, alizaliwa kilo tatu na robo bila shida yoyote. Hii ya sasa ina wiki 31 na siku 2. Wiki iliyopita kliniki mkunga alinipima tumbo kwa utepe, akapata sentimita 26, akarudia kupima mara mbili akanyamaza. Presha ilikuwa 150 kwa 100. Leo imefika 170 kwa 110, mkojo una protini, nikalazwa hapo hapo. Altrasaundi imesema mtoto ana gramu 980, maji yamepungua, na kwenye Dopla (kipimo cha mwendo wa damu) ya kamba ya kitovu damu inasimama kati ya pigo moja la moyo na jingine. Daktari amenieleza kwamba kondo la nyuma limechoka, mtoto hapati chakula cha kutosha, na huenda wakamtoa ndani ya wiki hii.

Anataka nianze deksa leo (deksamethasoni, ndiyo hiyo steroidi ya kukomaza mapafu), sindano nne, moja kila baada ya saa 12. Nilipompigia mama mkwe alilia kwenye simu. Anasema steroidi zinadumaza, kuna mtoto jirani yao alinyweshwa kwa ajili ya pumu akaishia kuwa mfupi. "Mtoto mwenyewe ameshindwa kukua, halafu mnamwongezea dawa ya kudumaza?" Mume wangu ni dereva wa lori, yuko njiani kurudi kutoka Zambia, simu inakatika katika.

Mimi mwenyewe nilisoma mahali kwamba hizi dawa hupunguza uzito wa mtoto. Sijui nimsikilize nani. Waliopitia hili, na wataalamu mliomo humu, nisaidieni.

Bi Mkunga

Pole sana mwanangu. Mimi nimestaafu baada ya miaka mingi ya kuzalisha, na swali langu la kwanza halihusu dawa. Hizo wiki 31 umezijuaje?

Mama Tusa

Shikamoo mama. Nilipima altrasaundi mapema, mimba ikiwa ya wiki 9. Imeandikwa kwenye kadi, na tarehe yangu ya mwisho inakubaliana nayo.

Bi Mkunga

Marahaba mwanangu. Basi umeshavuka mto ambao wengi huzamia.

Nieleze, na wengine wasome. Mtoto mdogo tumboni anaweza kuwa na maana mbili: mimba ni changa, au mimba imekomaa lakini mtoto hakukua. Kwa utepe hufanana. Hata kwa altrasaundi ya miezi ya mwisho hufanana, kwa sababu mashine hiyo inapima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, kisha inakisia wiki kutokana na ukubwa. Mtoto aliyedumaa wa wiki 37 itamsoma kama wa wiki 33, na wala haitakuambia kwamba imekisia.

Nilishampokea mama mmoja aliyeanza kliniki mimba ina miezi saba. Hedhi yake ya mwisho aliikumbuka kwa msimu wa kupalilia tu. Altrasaundi ikasema wiki 33, uchungu ulikuwa umeanza, akachomwa deksa haraka haraka. Mtoto alipotoka nilimtazama nyayo: zimejaa mistari hadi kisiginoni, kucha zimepita ncha za vidole, ngozi imelegea kama nguo ya kaka yake mkubwa. Huyo hakuwa njiti. Alikuwa mtoto wa miezi tisa aliyekosa chakula tumboni. Mapafu yake hayakuhitaji ile sindano hata kidogo, na sukari ilimshuka hadi akatetemeka. Tulihangaika naye usiku kucha, akapona.

Tangu siku hiyo, mama akija na "mtoto mdogo", nauliza kadi kwanza. Wewe kadi yako inaongea. Wiki zako ni za kweli, mtoto ni mdogo kweli, na ni njiti kweli. Subiri madaktari waje wakujibu la dawa.

Kibibi wa Tanga

Dada pole, Mungu akuvushe. Lakini mimi nitasema ukweli hata kama hautapendwa. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, wa kusambaza hizi sindano, na watoto waliokufa waliongezeka badala ya kupungua. Nilisoma kwa macho yangu. Na mdogo wangu alichomwa akiwa na miezi saba, mtoto akaja kuzaliwa miezi tisa kamili, mdogo wa kutisha. Kwa nini tuchomwe vitu ambavyo vimeshaonekana kuua? Naomba nijibiwe na mtaalamu, si kwa kukaripiwa.

Baba wa Siku Mbili

Mimi natoka Kisumu. Si mtaalamu, niwaambie tu yaliyonipata.

Mke wangu alikuwa wiki ya 30, presha juu, mtoto mdogo. Daktari akasema adungwe sindano za mapafu. Mimi ndiye nilisema tungoje. Nilitaka kwanza kuongea na kakangu mkubwa, na kakangu akataka kuongea na mchungaji. Tukamaliza hayo yote kesho yake mchana. Walipomdunga ya kwanza, presha ilikuwa imepanda vibaya, na saa tano baadaye wakampasua. Kijana wetu aliishi siku mbili. Kila akivuta pumzi kifua kilikuwa kinazama ndani mpaka mbavu unazihesabu.

Sisemi sindano ingemwokoa. Hilo hakuna mtu anaweza kunihakikishia. Nasema zile saa nilizochelewesha ndizo naziona kila usiku. Dada, uliza maswali yako yote, lakini yaulize kwa daktari aliye mbele yako, leo, sio kwa ukoo mzima.

Mama Pacha

Baba, pole. Umefanya jambo kubwa kuandika hapa.

Daktari wa Zamu

Nimetoka tiati sasa hivi, nimeuona uzi. Mimi ni daktari wa akina mama. Dada, sijakupima, kwa hiyo uamuzi ni wako pamoja na timu iliyokushika mkono. Ila naweza kukueleza dawa hii ni nini, na kumjibu Kibibi, maana hoja yake si ya kupuuzwa.

Mwaka 1969 daktari mmoja wa New Zealand, Graham Liggins, alikuwa akichunguza kondoo ili ajue uchungu wa kuzaa huanzishwa na nini. Wale aliowapa steroidi walizaa kabla ya siku, na vitoto vyao, ambavyo kwa umri ule havikupaswa kuishi, vilikutwa vinapumua, mapafu yamejaa hewa kiasi. Yeye na daktari wa watoto Ross Howie wakaipeleka kwa akina mama kule Auckland. Mwaka 1972 walichapisha matokeo ya akina mama 282 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Vifo vya watoto siku za mwanzo vilikuwa asilimia 3.2 kwa waliopata dawa na asilimia 15 kwa wasiopata.

Inafanyaje kazi? Mapafu yana vifuko vidogo vya hewa. Kwa njiti, kuta za vifuko hivyo hugandamana kila anapotoa pumzi, kama mfuko wa nailoni uliolowa, na kila pumzi inakuwa kazi ya kuvifungua upya. Steroidi huziamsha seli za mapafu zitengeneze ule utelezi unaozuia kugandamana. Pia hupunguza kuvuja damu kichwani na ule ugonjwa wa utumbo kuoza unaowapata njiti.

Sasa hapa ndipo swali lako linapoingia, dada. Katika utafiti ule ule wa 1972, Liggins na Howie waliandika tahadhari: kwa akina mama wenye presha kali, uvimbe na protini, walihisi huenda watoto waliofia tumboni waliongezeka kwa waliopata dawa. Yaani akina mama kama wewe. Tahadhari hiyo iliwafanya madaktari wengi kwa miaka mingi wasiwachome wenye presha kali ya mimba na wenye watoto waliodumaa. Wakajitetea kwa hoja nyingine iliyosikika vizuri: mtoto mwenye njaa tumboni yuko kwenye msongo, anatengeneza kotisoli yake mwenyewe (steroidi ya asili ya mwili), kwa hiyo mapafu yameshakomaa.

Hoja hiyo haikusimama. Watoto waliodumaa wakizaliwa kabla ya wakati hupata shida ya kupumua kama njiti wengine, na mara nyingi zaidi. Na mwaka 1999 madaktari wa Brazil walichapisha utafiti wa akina mama 218 wenye presha kali ya mimba, nusu walipata betamethasoni, ndugu wa deksa, nusu sindano isiyo na dawa. Shida ya kupumua ilikuwa asilimia 23 kwa watoto wa waliopata na asilimia 43 kwa wasiopata. Vifo vya watoto baada ya kuzaliwa navyo vilipungua. Hofu ya 1972 haikujirudia.

Kwa waliodumaa peke yao, ushahidi mwingi unatokana na kupitia mafaili ya hospitali, si majaribio ya kugawanya kwa bahati nasibu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilipendekeza kwa nguvu wapewe kama uzazi wa kabla ya wakati umekaribia, huku likiandika wazi kwamba ushahidi kwa kundi hili ni dhaifu. Mimi ninaichoma, na ningeichoma kwa dada yangu wa tumbo moja.

Sasa Kibibi. Uliyosoma ni kweli. Utafiti ule ulitolewa mwishoni mwa 2014, nchi sita: Argentina, Guatemala, India, Kenya, Pakistan na Zambia. Walifundisha wahudumu hadi ngazi za chini kutambua mama aliye hatarini na kumchoma. Vifo vya watoto ndani ya siku 28 vikawa 27.4 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, dhidi ya 23.9 kule ambako mpango haukupelekwa. Maambukizi kwa akina mama nayo yakaongezeka. Lakini tazama kilichotokea: wiki za mimba sehemu nyingi zilikisiwa, pamoja na kutumia utepe wa rangi wa kupima tumbo. Wengi waliochomwa hawakujifungua njiti kabisa. Ni yale yale ya Bi Mkunga, yakiwa makubwa kwa nchi sita. Na wengi walijifungulia mahali ambapo njiti hana oksijeni wala pa kupatiwa joto.

Swali likarudiwa kwa namna nyingine: Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, hospitali 29 zenye uwezo wa kulea njiti, akina mama 2,852, wiki zimethibitishwa kwa altrasaundi, kati ya wiki 26 na mwisho wa wiki ya 33. Matokeo yalitoka 2020. Waliopata deksa, watoto waliokufa ni asilimia 19.6. Waliopata sindano isiyo na dawa, asilimia 23.5. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu faida ilikuwa imeshaonekana. Kila akina mama 25 waliochomwa, kifo kimoja cha mtoto kimezuiwa. Kenya imo kwenye tafiti zote mbili, Kibibi. Dawa moja, nchi moja, tofauti ni wiki kujulikana na mtoto kupokewa panapostahili.

Kibibi wa Tanga

Nimekuelewa daktari, na nashukuru hukunidharau. Lakini mdogo wangu?

Daktari wa Zamu

Mdogo wako alichomwa miezi saba akazaa miezi tisa. Faida kubwa ya sindano hupatikana mtoto akizaliwa kati ya saa 24 na siku 7 baada ya kuanza. Akikaa tumboni hadi mwisho, hakufaidika na kitu. Kwamba alizaliwa mdogo kwa sababu ya kozi ile moja, sidhani. Tafiti za kozi moja zikijumlishwa pamoja, tofauti ya uzito ni ndogo mno, gramu zisizofika hata uzito wa vijiko vitano vya chai vilivyojaa sukari. Inawezekana mtoto alikuwa haongezeki tangu awali, na ndiyo sababu walipata wasiwasi wakamchoma.

Kurudiarudia ndiko kunakopunguza uzito. Kuna utafiti wa nchi 20 uliotolewa 2008, akina mama walichomwa kozi mpya kila baada ya siku 14. Watoto walizaliwa na uzito pungufu, urefu pungufu, hata kichwa kidogo, na hawakupata faida ya ziada.

Na hapo nimjibu mama mkwe kwa heshima zote. Mtoto wa jirani alitumia steroidi kwa muda mrefu. Hizi ni sindano nne, miligramu 6 kila moja, ndani ya saa 36.

Ila asidhaniwe kwamba anaota. Kondo lina kimeng'enya kinachovunja kotisoli ya mama isimfikie mtoto kwa wingi. Deksa na betamethasoni hazivunjwi kirahisi na kimeng'enya hicho, ndiyo maana zinafika. Mtoto aliyedumaa tayari ana kotisoli nyingi mwilini. Na kwa kondoo waliodumaa, kule Australia, imeonekana betamethasoni ikibadilisha mwendo wa damu kichwani kwa namna iliyoumiza ubongo. Kwa hiyo hatuchomi "kwa usalama tu". Tunachoma kozi moja, na tunachoma tukiona kweli uzazi umekaribia. Kwa presha ya 170 na Dopla hiyo, dada, umekaribia.

Mama Pacha

Niongeze dogo. Wenye kisukari mkichomwa hizi, sukari hupanda siku kadhaa, ombeni mpimwe mara kwa mara. Yangu ilipanda hadi nikawekwa insulini. Pia wenye homa au maji yenye harufu semeni mapema, maambukizi yatibiwe. Na inauma kidogo, usijifanye shujaa, shika mkono wa mtu.

Mama Tusa, Jumatatu, saa 3 usiku

Nimechomwa ya kwanza. Nilimsomea daktari wa wodini majibu yenu, akavuta kiti akakaa. Ameniambia nitawekewa pia magnesiamu kwa mshipa, inazuia kifafa cha mimba na inalinda ubongo wa mtoto. Mume amepatikana, amesema "nafuata wanachosema madaktari". Mama mkwe bado hajapokea simu.

Bi Mkunga

Atapokea. Analia kwa sababu anampenda huyo mjukuu ambaye hajamwona. Lala kwa ubavu wa kushoto.

Mama Tusa, Jumatano, saa 9 alasiri

Nimemaliza nne leo asubuhi. Jana jioni walirudia Dopla, wakasema damu sasa inapita hata kati ya mapigo. Nililia kwa furaha. Lakini leo tangu asubuhi mtoto hachezi kama kawaida. Amecheza mara mbili tu. Nilisikia mtu wodini akisema ni sindano, zinawalaza. Niache au niseme?

Daktari wa Zamu

Mwite nesi SASA. Weka simu chini, ukirudi nitakueleza.

Daktari wa Zamu

Naandika akiwa hayupo, wengine wasome. Ni kweli steroidi hizi, hasa betamethasoni, zinaweza kupunguza michezo ya mtoto na kutulizatuliza mapigo ya moyo siku ya pili na ya tatu, kisha siku ya nne yanarudi. Jambo hilo tunalijua, na ndiyo hatari yake. Mtoto wa kondo lililochoka akianza kuzidiwa naye huacha kucheza. Huwezi kutofautisha kwa kujilaza na kusubiri. Anayetofautisha ni mashine ya mapigo, Dopla, na macho ya mtu anayejua mama huyu alichomwa lini.

Kuhusu Dopla kuwa nzuri ghafla, hilo nalo tunalijua. Baada ya steroidi, kwa baadhi ya akina mama damu iliyokuwa inasimama huanza kupita tena kwa siku chache, halafu hurudi ilivyokuwa. Kondo halijapona. Nimeshuhudia mama akiruhusiwa kurudi nyumbani kwa Dopla ya namna hiyo, na sitaki kuliona tena.

Mama Tusa, Jumatano, saa 1 usiku

Nimerudi. Wamenifunga mashine dakika arobaini. Mapigo yapo, hayashuki. Watanipima asubuhi na jioni, na nimeambiwa nihesabu michezo. Nesi amenishukuru kwa kusema. Amecheza mara nne tangu saa kumi na mbili.

Nesi wa Wachanga

Dada, mimi nipo upande wa pili wa mlango, kwenye chumba cha njiti. Nikuandae kidogo, maana akina mama wengi huletwa kwetu wakiwa hawajaambiwa chochote.

Mtoto wako atakuwa mwembamba, kichwa kitaonekana kikubwa kuliko mwili. Usishtuke, ubongo ndio uliopewa chakula kwanza. Tutampima sukari mara kwa mara kwa sababu hana akiba ya mafuta. Huenda akawekewa mirija puani yenye hewa ya kusukuma ili mapafu yasifunge, sisi tunaiita sipapu. Maziwa tutayaanza matone kwa matone na kuongeza taratibu, kwa sababu utumbo wa mtoto ambaye damu yake ya kitovu ilikuwa inasimama ni dhaifu. Anza kukamua maziwa ndani ya saa za mwanzo hata kama yanatoka matone matatu. Hayo matatu tunayataka.

Halafu kifuani. Zamani tulisubiri mtoto atulie ndipo tumweke kifuani kwa mama. Utafiti uliotolewa 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, uliwachukua watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8 na kuwaweka kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, wangali wagonjwa. Waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12, na kwa waliosubirishwa asilimia 15.7. Omba vitenge viwili laini vya pamba, kofia na soksi. Na umwombe mtu mwingine wa familia mwenye kifua chenye afya awe tayari kupokezana nawe, utakuwa na mshono.

Mama Tusa

Mama mkwe amepokea simu. Nimemsomea hili la kifua. Amesema kesho anapanda basi.

Mama Pacha, Jumapili, saa 5 asubuhi

Kuna mwenye habari za Mama Tusa? Kimya tangu Ijumaa.

Baba Tusa (kwa simu ya mke), Jumapili, saa 10 jioni

Ndugu zangu, natumia simu ya mke wangu. Jana usiku Dopla ilirudi vibaya, presha ikagoma kushuka. Alfajiri saa kumi na moja wamempasua. Ni mvulana, gramu 1,040. Alilia kwa sauti ndogo lakini alilia mwenyewe. Wamemweka hiyo hewa ya puani. Mama yake yuko chini ya uangalizi, presha bado, anaongea. Nimefika jana mchana. Mungu awabariki nyote, na kaka wa Kisumu, nilisoma ulichoandika nikiwa nimesimama mpakani Tunduma. Nimekikumbuka sana.

Baba wa Siku Mbili

Nashukuru Mungu, kaka. Nashukuru sana.

Daktari wa Zamu

Wiki 32 na siku moja, siku ya sita tangu sindano ya kwanza. Hongereni. Kaka, presha ya mama iendelee kupimwa hata baada ya kuruhusiwa, kifafa kinaweza kuja siku kadhaa baada ya kujifungua. Akisikia kichwa kinauma sana au macho yanaona ukungu, arudishwe hospitali bila kungoja kupambazuke.

Mama Tusa, wiki tatu baadaye

Nimepata nguvu ya kuandika. Hewa ya puani alitolewa siku ya tatu. Siku ya tano tumbo lilijaa, wakasimamisha maziwa siku mbili, nikadhani ndiyo mwisho, kisha wakaanza tena matone. Uzito ulishuka hadi 960, nikawa naogopa kutazama mizani. Leo ni 1,290.

Mchana namweka kifuani mimi. Usiku mama mkwe anaingia, anafunga kitenge, anaketi naye hadi asubuhi akimwimbia kwa Kinyakyusa. Tumempa jina la Lusajo, amelichagua yeye.

Daktari wa Zamu, nina swali moja. Wameniambia mimba ijayo ninywe aspirini. Ni kweli?

Daktari wa Zamu

Ni kweli, kwa historia yako. Dozi ndogo, na inafaa ianze kabla ya wiki ya 16. Kwa hiyo ukikosa hedhi nenda kliniki mwezi huo huo, na altrasaundi ya mapema kama uliyofanya safari hii.

Bi Mkunga

Na kadi uitunze mwanangu. Hii ya Lusajo usiitupe, uje nayo.

Mama Tusa

Iko ndani ya mkoba wa mama mkwe. Ameikunja kwenye nailoni.